Vijiwe vya Elisha

Mama alikuwa mtu wa vifungo. Hakuna nguo iliyotupwa nyumbani kwetu kabla ya kunyofolewa vifungo vyake, na vyote viliingia katika kopo moja la biskuti lenye picha ya farasi, lililoota kutu ukingoni. Wiki mbili baada ya kumzika nilikaa sakafuni chumbani kwake, mtaa wa Great Barr, Birmingham, nikalifungua. Harufu ikanipanda: bati, uzi wa zamani, na ile sabuni kali ya hospitali ambayo haikumtoka mwilini hata miaka mingi baada ya kustaafu. Nilizamisha mkono ndani kama nilivyokuwa nikifanya utotoni, kwa raha tu ya kusikia vifungo vikipita kati ya vidole. Chini kabisa nikagusa kitu ambacho hakikuwa kifungo.

Kilikuwa kijiwe. Cha kijivu, laini, sawa na yai la njiwa, chenye mstari mweupe kiunoni kama mkanda. Kilikuwa kimezungushiwa utepe wa plastiki, wa aina ile wanayovishwa wagonjwa mkononi, wino wake umefifia.

Mimi ni mwanamke wa makamo. Nina shahada mbili, na nimewahi kuandika makala, tena kwa kejeli nyingi, kuhusu watu wanaoogopa paka weusi. Nilikitupa kijiwe kile kitandani kama aliyeshika kaa la moto, kisha nikageuka kutazama mlango. Nilikuwa natazama kama dubu wamefika.

Nilifika Birmingham nikiwa na miaka minane. Mama alitangulia kuja kusomea uuguzi, nami nikaachwa Kisauni, Mombasa, kwa bibi yangu mzaa mama. Baba alikuwa amejitoa katika habari hii mapema, na sioni sababu ya kumrudisha sasa. Bibi alinilea kwa uji, kwa makofi madogo madogo ya mgongoni, na kwa hadithi za manabii. Alizisimulia huku akichambua mchele, na katika hadithi hizo kila nabii alisema Kiswahili, tena kile cha Mombasa chenye adabu zake. Waliitana bwanangu, walisalimiana kabla ya kugombana, na mmoja wao, nakumbuka, alimwomba mjane radhi kwa kuingia na viatu. Haikunipitikia kabisa kwamba watu wale walikuwa na lugha nyingine.

Halafu nikaletwa mahali ambapo hakuna aliyesema Kiswahili isipokuwa Mama na jirani yetu Mama Jasbir. Huyu alikuwa Singasinga aliyezaliwa Makupa, mumewe alikuwa fundi wa reli huko nyumbani na sasa alifanya kazi katika kiwanda cha bomba. Mama akiwa zamuni, Mama Jasbir ndiye aliyenipa chai na kunikagua masikio. Kiswahili chake kilikuwa na sheria zake mwenyewe. Nilipojaribu kumsahihisha alinitazama kwa huruma akasema, "Mimi nasema hii Kiswahili bado mama yako hapana zaliwa."

Mtaa wetu, Winson Green, ulikuwa na kuta mbili. Moja ilikuwa ya gereza, na ndani yake mlikuwa na watu hai wasioweza kutoka. Ya pili ilikuwa mwisho wa barabara yetu, ya matofali meusi kwa masizi, fupi kuliko ya kwanza, na ndani yake, kama nilivyokuja kuamini, mlikuwa na wafu ambao huenda wangeweza. Langoni kulikuwa na vyuma vya kuchungulia. Asubuhi moja Mama alikuwa akinipeleka shule nikamvuta mkono.

"Mama, mle ndani ni nini?"

"Makaburi ya Wayahudi. Tembea, nachelewa zamu."

"Wayahudi wale wa Bibi?"

"Wako wangapi, mwanangu? Wayahudi ni wale wale. Tembea!"

Mama alikuwa amechoka, na jibu la mtu aliyechoka linaweza kumkaa mtoto kichwani miaka. Nilichungulia kati ya vyuma. Kwenye jiwe la karibu niliona Jacob. Kwenye la pili niliona Samuel, ambaye nilimtambua mara moja ijapokuwa Waingereza walikuwa wamekosea tahajia yake. Basi walikuwa hapa. Sikuona ajabu. Mimi mwenyewe nilitoka Kisauni, Mama Jasbir katoka Makupa; manabii nao walikuwa wametoka kwao wakaishia Birmingham kama sisi sote. Nilichoona ni kwamba katika mji mzima, nyuma ya ule ukuta ndiko kulikokuwa na watu wengi zaidi wanaojua Kiswahili. Hilo halikunifariji. Niliogopa kwamba siku moja mmojawapo angesema nami, na kwa kuwa ningemwelewa, nisingekuwa na kisingizio.

Niliyemwogopa zaidi alikuwa Elisha. Katika hadithi za Bibi, Elisha alikuwa na upara. Watoto wa mji fulani wakamcheka upara wake, na dubu wawili, tena majike, wakatoka msituni wakawararua. Bibi aliisimulia hadithi hii mara kwa mara kwa sababu tulikuwa na jirani mwenye upara. Dubu sikuwahi kumwona. Lakini nilipofika Uingereza niligundua kwamba kila mtoto wa Kiingereza hulala na dubu wa kitambaa kifuani, akambusu na kumfunika shuka, na nikaelewa: watu hawa walijua habari za Elisha kitambo, na hii ndiyo namna yao ya kuwabembeleza wale majike. Mgonjwa mmoja alimpa Mama dubu wa namna hiyo aniletee. Nilimshukuru, nikambeba kwa mkono ulionyooka, nikamfungia katika stoo ya makaa ya mawe. Mama aliponiuliza dubu wangu yuko wapi nikasema amelala.

Sasa, mdako. Kwa aliyesahau: unaweka vijiwe chini, unarusha kimoja juu, na kabla hakijashuka unazoa vingine kwa mkono ule ule, kisha unakidaka. Kisauni nilikuwa mchezaji wa kuaminika. Birmingham haikuwa na vijiwe. Barabara ilikuwa lami, uwanja wa shule saruji, na wasichana wa pale walikuwa na vyuma vyao vidogo na mpira ambavyo hawakuniita kuvichezea. Nilitembea nikiangalia chini kwa miezi, hata mwalimu akamwandikia Mama kwamba nina huzuni. Sikuwa na huzuni. Nilikuwa natafuta kokoto.

Nilizipata alasiri moja baada ya shule. Nyuma ya ule ukuta matofali yalikuwa yameporomoka, pakabaki pengo la kumtosha mtoto au mbwa. Nilichungulia tu. Mawe ya makaburi yalikuwa yameegemeana kama watu waliochoka kungoja basi, na nyasi zilifika kiunoni. Jiwe moja peke yake, lililo karibu na pengo, lilikuwa limefyekewa, na juu yake palipangwa vijiwe kwa mstari, laini, vya mviringo, vyote vya ukubwa mmoja. Mtoto hapa alikuwa akicheza mdako, nikawaza, akaitwa kula akavisahau. Niliingia, nikachagua vitano, nikatia mfukoni. Hapo ndipo nikainama kusoma. Upande mmoja wa jiwe ulikuwa na herufi kama vijiti vya kiberiti vilivyomwagika. Chini yake, kwa herufi nilizofundishwa shuleni, palikuwa na neno moja nililolijua.

ELISHA.

Nilikimbia. Miiba ilinishika soksi nikadhani ni makucha. Ningeweza kuvitupa vijiwe pale pale, na nimejiuliza maisha yangu yote kwa nini sikuvitupa. Jibu ni aibu tupu: vilikuwa vizuri mno.

Mama aliingia jioni ile akanikuta navyo mezani. "Umevitoa wapi?" akauliza. Nilimjibu kwa Kiingereza kwamba nimeviokota njiani. Tayari nilikuwa nimegundua kwamba Kiingereza kilikuwa chepesi zaidi kwa uongo. Lakini Mama hakuwa akinisikiliza. Alikuwa amevishika, akivipima mkononi, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Haya, nipishe," akasema. "Wee, nipishe! Mimi nilikuwa bingwa wa Kisauni nzima, kamuulize bibi yako." Akapiga magoti jikoni na sare yake ya uuguzi, na kofia yake nyeupe bado kichwani. Alichagua kile chenye mkanda mweupe kiwe cha kurusha. "Hiki ndicho mama yao," akasema. Alinishinda mara sita mfululizo bila huruma yoyote, akicheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nifike, sauti ya msichana. Kwa wiki tatu tulicheza kila alipotoka zamu. Nilikuwa na furaha, na kila nilipokuwa na furaha niligeuka kutazama mlango, kwa sababu nilijua vijiwe vile ni vya nani.

Halafu likaja lile nililolingoja. Asubuhi moja Mama alishika ukingo wa jiko akainama, akakaa hivyo muda mrefu, akipumua kama anayehesabu. Siku chache baadaye alifungasha mfuko mdogo akaenda kulazwa katika hospitali ile ile aliyofanyia kazi. Aliniacha kwa Mama Jasbir, akanibusu utosini, akaniambia nisimsumbue mwenye nyumba.

"Tumbo yake iko na kitu," Mama Jasbir akanieleza, huku akinisukia nywele kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Alhamisi nakatwa, natolewa, nashonwa. Basi. Kama mto ya godoro."

"Atakufa?"

"Mdomo yako!" akasema, lakini mkono wake ulisimama kidogo nywelani, na mimi nikahisi kule kusimama.

Watoto hawakuruhusiwa wodini. Mama Jasbir alinipeleka tukasimama uani, karibu na mapipa, tukatazama dirisha la ghorofa ya tatu. Niliona mkono ukipunga. Ungeweza kuwa mkono wa mtu yeyote.

Wiki hiyo hiyo dubu walifika. Niliwasikia kabla ya kuwaona, nyuma ya ukuta wa makaburi, wawili, mmoja na mngurumo mnene na mwingine mwembamba. Walianza asubuhi tulipokuwa tukinywa chai, vikombe vikatetemeka kwenye visahani.

"Ni nini ile?"

"Naleta barabara mpya," Mama Jasbir akajibu. "Nafukua wale Yahudi yote, napeleka ingine. Taabu tu. Mtu nakufa, hata hapo naambiwa hama."

Nilisikia neno moja: nafukua. Elisha alikuwa anaamshwa. Angeamka, angenyoosha mkono juu ya jiwe lake, na angekuta pengo kwenye mstari.

Alhamisi mchana sikurudi kwa Mama Jasbir kula. Nilikwenda kwanza nyumbani kwetu, chini ya kitanda changu, kuchukua vijiwe. Vilikuwa vinne. Nilitoa godoro, nikatikisa viatu, nikaingia hata stoo ya makaa, ambako yule dubu wa kitambaa alikuwa amekaa amenikodolea macho, mweusi kwa vumbi. Mama yao hakuwepo. Saa ya kula ilikuwa inakwisha, na mahali fulani katika hospitali ile Mama alikuwa amelala huku amefunguliwa tumbo. Nikaenda na vinne.

Ndani ya pengo ngurumo ilikuwa karibu sana, upande wa pili wa ukuta wa mbali, na ardhi ilitetemeka kupitia soli za viatu. Kwa mbali turubai la kijani lilikuwa limetandazwa kuficha kitu. Nilivipanga vijiwe juu ya jiwe la Elisha, nikaacha nafasi ya kile cha tano. Nilikuwa nimefikiri sana nitamwambia nini. Mwishowe nilijua kwamba jambo lolote kwa mtu mzima huanza na salamu. Nikakunja mikono, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo," nikasema.

Nyuma yangu sauti ikaitika: "Marahaba!"

Sitaficha yaliyonipata. Mkojo wa moto ulinishuka miguuni hadi kwenye soksi. Sikuweza kugeuka. Niliomba tu kwamba dubu waanze na kichwa ili yaishe upesi.

"Toto!" ile sauti ikaendelea. "Koti wapi? Wewe nataka kufa baridi hapa hapa kwa makaburi, iwe rahisi?"

Mama Jasbir alikuwa amekwama kwenye pengo, mguu mmoja ndani, mtandio wake umeng'ang'aniwa na miiba, koti langu mkononi. Na kabla sijamkimbilia, kutoka upande wa turubai akaja mzee mwembamba mwenye kofia nyeusi na mkasi wa kukatia nyasi. Jina lake, tulikuja kujua, lilikuwa Bwana Harris.

"Hapa si mahali pa kuchezea," alisema kwa Kiingereza. Kisha akaviona vijiwe. "Ah. Nikadhani ni ndege. Wako ndege huku wenye tabia ya wizi."

"Nimevirudisha," nikasema nikilia. "Kimoja kimepotea. Mama yangu anapasuliwa sasa hivi. Tafadhali mwambie asiwatume."

"Nani asimtume nani?"

"Elisha. Dubu."

Bwana Harris alimtazama Mama Jasbir. Mama Jasbir alitazama juu.

"Kwa sababu ya upara," nikafafanua. "Lakini mimi sikumcheka! Nilichukua vijiwe tu. Na wameshafika, wako wawili, wewe husikii?"

Akasikiliza. Ngurumo nene, ngurumo nyembamba. "Hao," akasema taratibu, "ni wa manispaa." Kisha akainua kofia yake kidogo, na chini yake kichwa kiling'aa chote. "Huyu ni babu wa babu yangu. Upara ni wa ukoo mzima. Ukitaka kucheka, cheka. Dubu hatujawahi kuwa nao."

Sikucheka. Sikuwa mjinga kiasi hicho.

Akaketi kwenye ukingo wa kaburi la jirani, akanieleza, na nadhani alinieleza kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyewahi kumuuliza. Elisha huyu hakuwa nabii. Aliuza vifungo. Alikuja Birmingham ilipokuwa mji mdogo wa mashamba na tanuri, akatembeza vifungo vya shaba na saa mbovu kijiji kwa kijiji, sanduku mgongoni. Walikuwa familia chache tu. Mtoto wa mmoja wao alipokufa hapakuwa na pa kumzika, ndipo wakachanga wakanunua kipande hiki cha shamba, mbali na mji, kabla hata hawajawa na nyumba ya kusalia. Mji ukakua ukawafuata: mfereji, kiwanda, gereza. Familia zikahamia mitaa yenye miti. Hapa pakajaa, pakafungwa, na mwisho akabaki yeye na mkasi wake kila Jumapili, na leo, kwa sababu ya turubai lile, Alhamisi pia.

"Na vijiwe?" nikauliza.

"Ni mimi ninayeviweka. Kila nikija, kimoja. Maua yanakufa, mwenye kaburi ana kifo cha kumtosha tayari. Kijiwe kinasema tu: mtu alikuja."

Nikaelewa nilichoiba. Havikuwa vijiwe. Nilikuwa nimemwibia Elisha wageni watano, na nimemrudishia wanne.

"Nikikipata cha tano nitakileta," nikasema.

"Usiwe na haraka. Elisha hana safari." Akasikia alichosema, akatazama turubai, akacheka kidogo bila furaha. "Ana safari moja. Halafu basi."

Mama Jasbir alinivisha koti juu ya soksi zangu zilizolowa, asiseme neno juu ya soksi, na kwa hilo nampenda mpaka leo. Tulikaa jikoni kwake tukingoja, yeye akikanda unga ambao hakuna aliyeuhitaji. Hatimaye mumewe aliingia kutoka kibanda cha simu akasema maneno mawili ya Kipunjabi. Mama Jasbir akakaa chini ghafla, unga mpaka viwikoni.

"Mama yako nameamka," akasema. "Nauliza wewe namekula nini."

Kijiwe cha tano sikukipata. Mama alirudi, akapona, hatukucheza tena mdako, nami sikuthubutu kumuuliza. Elisha na wenzake walihamishwa, tukahama na sisi, na barabara ikapita pale. Nikasoma, nikaerevuka. Lakini kila Mama alipolalamika mgongo au kifua, katika miaka yote hiyo, nilikuwa na wazo moja la haraka kabla ya mawazo ya mtu aliyesoma: bado kimoja.

Nilivaa miwani nikausoma ule utepe wa plastiki. Jina la Mama, wodi, na neno moja la mwandiko wa muuguzi: upasuaji. Alikuwa amekwenda nacho. Alikuwa amekichomoa chini ya kitanda changu siku aliyokwenda kulazwa, akakitia mfukoni pamoja na mswaki na kanga, na nikimjua Mama, alikishika ngumini mpaka walipomlaza wakakichukua, wakakizungushia utepe huu ili arudishiwe. Kwa miaka yote nilikuwa nikimwombea msamaha kwa sababu ya kitu alichokuwa amekishikilia.

Elisha yuko upande mwingine wa mji sasa, katika makaburi makubwa, kwenye safu moja na wenzake kando ya ua. Mlinzi alinionyesha bila kuuliza. Juu ya jiwe lake hapakuwa na kitu. Bwana Harris naye lazima yuko mahali fulani humo humo. Nilisimama na kijiwe mkononi. Nilitazama nyuma mara moja tu.

"Shikamoo," nikasema, nikangoja. Nilingoja zaidi ya adabu inavyodai.

Nilikuwa nimekuja kukirudisha, naapa. Nilikirusha juu mara moja, nikakidaka. Kisha nikatoa mfukoni kifungo, kile cha juu cha sare ya Mama, cha shaba, nikakiweka katikati ya jiwe la muuza vifungo. Nikamweleza kwa Kiswahili kwamba kijiwe kina pa kwenda, kwamba yuko mtu katika makaburi ya Great Barr ambaye bado hajapata hata kimoja. Halafu nikaondoka kuelekea langoni, kwa mwendo wa haraka lakini bila kukimbia, mwanamke mzima, nimekiiba kwa mara ya pili, masikio yangu yote yakiwa nyuma.